Krapf, binti zake wawili na neno nililomwambia jirani

Kuna neno nililomwambia jirani yangu hapa Ukunda ambalo hadi leo nikilikumbuka nafsi hunisuta. Naanza nalo kwa sababu ndilo lililonipeleka kwenye kaburi moja kule Mkomani, na kaburi hilo ndilo lililonifanya nimsome upya mtu ambaye wengi wetu tulimsoma shuleni kwa mstari mmoja tu: Johann Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani, Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona mlima Kenya. Mtihani ukapita, naye tukamsahau.

Jirani yangu ni Mkristo, mtu wa bara. Alikuja Diani kijana kutafuta kazi ya hoteli, na sasa miaka imepita ishirini. Kiswahili chake kimeiva na Kidigo anakisikia. Mkewe alijifungua mtoto wa kike mwenye ulemavu mkubwa. Mtoto aliishi siku mbili. Nilikwenda kumpa pole kama ilivyo ada yetu, nikamkuta chini ya mwembe na jamaa zake wachache. Nikamshika mkono, na kwa kutaka kumfariji nikamwambia kwamba huenda ni kheri alivyokwenda mapema, maana maisha yake yangekuwa mzigo kwake na kwa wazazi wake. Hakunijibu. Aliutoa mkono wake polepole ndani ya mkono wangu, akainuka kwenda kuwapokea wageni wengine.

Mimi ni Mwislamu, na dini yangu naijua. Mtoto aliyezaliwa akalia ana haki zote za maiti: huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa, tena hupewa jina. Tunaamini kwamba mtoto aliyetangulia ni kheri kwa wazazi wake huko mbele, lakini si kwa sababu maisha yake hayakuwa na thamani. Mimi nilichanganya mambo hayo mawili. Na jambo la kuona haya zaidi ni kwamba sikumuuliza hata jina la mtoto.

Miezi ikapita. Siku moja tumekaa kibarazani tukinywa kahawa, yeye mwenyewe akaanza mazungumzo, bila ya kunigombeza. Aliniambia kwamba kwao mwanadamu hapati thamani yake kwa nguvu zake, wala kwa miaka aliyoishi, wala kwa faida anayowaletea watu. Mungu ndiye aliyemtaka awepo na ndiye aliyemuumba kwa mfano wake, na mfano huo haupungui kwa mguu uliopinda wala kwa uhai wa siku mbili. Kisha akasema kwamba kule Mkomani, Nyali, kuna kaburi la mama na mtoto wake mchanga, mke na binti wa Krapf, na kwamba yeye na mkewe walikwenda huko baada ya msiba wao. Kama napenda kuelewa, na mimi niende.

Nilikwenda. Kutoka Ukunda hadi Likoni ni mwendo wa matatu, kisha feri, kisha mjini, kisha daraja la Nyali. Mahali penyewe ni patulivu, miti, kaburi na mnara wa kumbukumbu, na ng'ambo ya maji unaiona Mombasa. Niliporudi nilianza kutafuta habari za mtu huyu kwa makini. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nayasimulia kwa maneno yangu.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na moja hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, na kipigo hicho kikamlaza kitandani kwa muda wa nusu mwaka. Katika kulala huko ndipo alipoanza kuisoma Biblia kwa bidii. Kwa hiyo mambo ya imani hayakumjia kwanza chuoni. Yalimjia akiwa mtoto mgonjwa, aliyeonewa, asiyeweza kufanya kazi yoyote ya shamba.

Alisoma katika chuo cha wamishenari cha Basel, Uswisi, halafu akaingia katika chama cha wamishenari wa Kanisa la Uingereza, CMS, kilichompeleka Uhabeshi mwaka 1837. Huko alikaa miaka kadhaa, sehemu kubwa katika nchi ya Shoa. Mwaka 1842 alimuoa Rosina Dietrich mjini Alexandria, Misri. Wakajaribu kurudi Shoa pamoja, lakini milango ilikuwa imeshafungwa. Wakiwa safarini nyikani, mwaka 1843, Rosina akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Mtoto hakuishi ila muda mfupi sana. Wakampa jina Eneba, neno la Kihabeshi lenye maana ya chozi, wakamzika huko huko nyikani.

Nilipofika hapa katika kusoma, niliweka kitabu chini. Watu wawili wamefukuzwa huku na huku, wako jangwani, wagonjwa, hawana nyumba. Mtoto amekuja na kuondoka kama kivuli. Nani angewalaumu kama wangemfunika mchanga wakaendelea na safari? Wao walimpa jina, na jina hilo limeandikwa, nami mtu wa Ukunda nalisoma baada ya miaka karibu mia na themanini. Mtoto wa jirani yangu aliishi muda mrefu kuliko Eneba, na nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa makuti, lakini jina lake sikulijua.

Uhabeshi ulipomshinda, Krapf akaugeuzia uso pwani yetu. Aliondoka Aden mwishoni mwa mwaka 1843. Chombo cha kwanza kikaingia maji, wakanusurika kuzama, wakaanza safari upya katika kingine. Januari 1844 aliiona Mombasa kwa mara ya kwanza, kisha akaendelea hadi Unguja kuonana na Sayyid Said bin Sultan. Sayyid alimpokea vizuri na kumwandikia barua kwa maliwali wake wa pwani, akiwataka wamtendee wema, kwa kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaita watu kwa Mungu. Mtawala wa Kiislamu alimfungulia mlango mhubiri wa Kikristo, na sisi hatuna budi kulikumbuka hilo tunaposikia watu wakisema kwamba dini hizi mbili hazijawahi kukaa meza moja kwenye pwani hii.

Mwezi wa Mei mwaka huo Krapf na Rosina wakahamia Mombasa. Tarehe 8 Juni 1844 akaanza kazi ambayo yeye mwenyewe aliihesabu kuwa miongoni mwa mambo makubwa ya maisha yake: kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Aliyekaa naye katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali, mtu mwenye asili ya Barawa. Hebu yafikirie mabaraza ya Mombasa ya zamani hizo. Kadhi na mhubiri wanatafuta maneno ya Kiswahili ya kuelezea jinsi mbingu na nchi zilivyoumbwa, jinsi mwanadamu wa kwanza alivyofanywa kwa udongo na jinsi alivyopuliziwa uhai. Kadhi hakuhitaji kufundishwa habari za Adamu. Alizijua tangu chuoni. Tofauti zipo, wala sizifichi. Wakristo wanasema mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, na juu ya neno hilo wanajenga mambo mengi ambayo sisi hatuyajengi hivyo. Wanaamini pia habari za Yesu ambazo sisi hatuziamini. Lakini kwamba uhai unatoka kwa Mwenyezi Mungu, kwamba watu wote ni wana wa baba mmoja, na kwamba hakuna aliyejiumba, hapo kadhi na Krapf walikaa mkeka mmoja.

Na neno hilo la baba mmoja halikuwa dogo wakati ule. Mwaka huo huo wa 1844, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, daktari aliyeitwa Samuel George Morton alichapisha kitabu juu ya mafuvu ya watu wa Misri ya kale. Alikuwa mkusanyaji wa mafuvu. Aliyapima na kuyapanga kwa madaraja, na kutokana na vipimo vyake yeye na wenzake wakashikilia kwamba makabila makubwa ya wanadamu hayakutoka katika asili moja, na kwamba Mwafrika yuko chini. Nchi ile ilikuwa na watumwa wapatao milioni tatu, na wenye mashamba walifurahi kusikia maneno kama hayo kutoka kwa msomi. Huku kwetu nako biashara ya watumwa ilikuwa ikiendelea. Mapango ya Shimoni wageni huoneshwa mpaka leo, na wazee husimulia yaliyopita humo. Wakati huo mtu kusema kwamba Mdigo, Mswahili, Mwarabu na Mjerumani wote wametoka kwa Adamu mmoja lilikuwa jambo la kuleta ubishi, tena wa pesa nyingi.

Cha ajabu ni kwamba kazi ile ya Mombasa ilifika Marekani kwenyewe. Sura tatu za mwanzo za tafsiri ya Krapf zilipigwa chapa mwaka 1847 katika jarida la chama cha wasomi wa elimu za mashariki. Hizo ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya Kiswahili kutiwa katika chapa. Basi lugha yetu ilipoingia katika mashine ya kupiga chapa, haikuingia na bei za pembe wala amri za liwali. Iliingia na habari za kuumbwa kwa mtu.

Lakini narudi Mombasa. Haukupita mwezi tangu kazi ianze, homa ikaingia nyumbani. Mwanzoni mwa Julai Rosina alijifungua mtoto wa pili, wa kike pia. Mama alikuwa hoi kwa homa, na Krapf mwenyewe alikuwa hajiwezi kitandani. Tarehe 13 Julai 1844 Rosina akafariki dunia. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata. Kabla ya kufa Rosina alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, katika nchi ya Mijikenda, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao kazi iliyowaleta. Ndiyo maana kaburi liko Mkomani na si kisiwani. Mama na mwanawe wamelala pamoja.

Krapf aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba sasa wana kaburi kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni dalili kuwa mapambano yameanza na saa imekaribia. Maneno hayo yamesifiwa sana katika vitabu vya makanisa. Nilipoyasoma mara ya kwanza yalinikera kidogo, nikaona kama mtu anayeligeuza kaburi la mkewe kuwa bendera. Baadaye nikafikiri tena. Mtu mwenye homa, aliyebaki peke yake katika nchi ya ugeni, ana njia mbili: kusema kwamba vifo hivi ni bure, au kusema kwamba vina hesabu mbele ya Mungu. Yeye alichagua ya pili. Hakumtenga mtoto wa siku chache na mama yake katika hesabu hiyo.

Hakurudi kwao. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti mwaka huo wakahamia Rabai wakiwa wote wawili wadhaifu kwa homa. Kutoka hapo wakaanza zile safari ambazo vitabu vya jiografia vinazikumbuka. Rebmann aliuona Kilimanjaro Mei 1848, na Krapf akauona mlima Kenya Desemba 1849, na wataalamu wa Ulaya wakawacheka kwa kusema kuna theluji chini ya jua la ikweta.

Sisi watu wa kusini tuna sehemu yetu katika safari hizo, ingawa haitajwi sana. Julai 1848 Krapf alitoka Rabai kwa miguu kwenda Usambara kwa mfalme Kimweri, akapita katika milima ya Shimba, nchi ya Wadigo, juu ya hapa tunapokaa. Na mwanzoni mwa 1850 yeye na mwenzake Erhardt walisafiri kwa chombo kutoka Mombasa hadi rasi ya Delgado, wakiifuata pwani hii yote. Nikisimama Diani jioni nikitazama mashua zikirudi, huwa nafikiri kwamba mtu yule alipita nje ya mwamba huu huu, akiwa na orodha zake za maneno ya Kiswahili, miaka sita baada ya kumzika mkewe.

Sasa nifike kwa mtu ambaye kwangu mimi ndiye kiini cha habari hii. Jina lake aliitwa Mringe. Alikuwa Mrabai, kiwete, maskini, ambaye watu wake hawakumhesabu. Krapf na Rebmann walihubiri Rabai miaka mingi, na wazee wa kaya waliwasikiliza kwa adabu na kuendelea na mambo yao. Aliyeketi na Krapf usiku hadi saa za katikati, akiuliza habari za Mungu na za maisha yajayo, alikuwa yule kiwete. Mwanzoni mwa miaka ya 1850, akiwa amelala kwa ugonjwa wake wa mwisho, akabatizwa, akafa. Hivyo Mkristo wa kwanza wa Rabai alikuwa mtu asiyeweza kutembea, ambaye hakuishi hata kuwa mshirika wa kanisa. Baada ya miaka yote ile na makaburi yale, hilo ndilo vuno.

Kwa hesabu za biashara, hiyo ni hasara tupu. Mchumi yeyote angefunga kituo. Lakini hesabu ya Krapf haikuwa hiyo. Kama mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi Mringe mmoja ni mtu mzima, hakatwi robo wala nusu. Krapf aliandika pia kwamba katika nchi za Mijikenda wakati ule mtoto aliyezaliwa na kasoro ya viungo aliweza kuuawa, kwa kudhaniwa kuwa ni balaa kwa mji. Naiandika habari hii kwa uangalifu, kwa kuwa si ya kabila moja. Wagiriki na Warumi wa kale, ambao Ulaya inajisifia, waliwatupa watoto kama hao, na Waarabu wa zama za ujahili waliwazika binti zao hai mpaka Uislamu ulipokataza. Kila mahali duniani imebidi watu wafundishwe kwamba mtoto dhaifu ni mtu.

Nisimpake Krapf mafuta, maana na yeye ana deni. Mtu huyu aliyeamini kwamba wanadamu wote ni wana wa baba mmoja aliwaandika wenyeji wake kwa maneno makali. Aliwaona Mijikenda ni walevi na wenye mioyo migumu, na Waislamu waliompokea, waliompa nyumba na kumsaidia katika lugha, aliwahesabu kuwa kizuizi kwa kazi yake. Ukisoma kurasa zake nyingine unashangaa kama ni yule yule aliyekesha na Mringe. Lakini pia ndiye aliyetabiri kwamba itafika siku kanisa la Afrika liwe na askofu mweusi na makasisi weusi, jambo ambalo Wazungu wengi wa wakati wake hawakulifikiria. Naona alikuwa kama sisi: kanuni aliijua, na mbele ya mtu mmoja mmoja aliishika, lakini akiwatazama watu kwa makundi aliisahau.

Afya ikamshinda, akaondoka mwaka 1853. Alirudi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, na mwaka 1867 alichukuliwa kama mkalimani katika vita vya Waingereza huko Uhabeshi, akarejea mgonjwa. Miaka yake ya mwisho aliishi Korntal, katika nchi ya kwao. Alioa tena, akaendelea na kazi ya lugha. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake katika hali ya kusali. Mwaka uliofuata kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa London. Wataalamu wa lugha bado huifungua, kwa kuwa imehifadhi maneno ya mabaraza ya Mombasa ambayo leo hata wazee wetu wameyasahau.

Hayo ndiyo maisha yake. Msomaji anaweza kuniuliza yanatuhusu nini sisi wa Kwale leo.

Yanatuhusu kwa sababu neno nililomwambia jirani yangu si langu peke yangu. Linazunguka katika vijiji vyetu, kuanzia Ukunda hadi Msambweni, hadi Lunga Lunga, hadi Kinango. Kuna watoto wenye ulemavu ambao jirani wa nyumba ya pili hajui kama wapo. Huingizwa ndani mgeni anapopiga hodi. Hawapelekwi shule wala hospitali. Kuna baba anayeondoka nyumbani siku mtoto kama huyo anapozaliwa, na kuna mama mkwe anayemuuliza mke alikosa nini. Hatuwaui watoto hao, la, tumestaarabika; tunawaficha tu mpaka wafe wenyewe.

Na upande wa pili wa maisha, tunao wazee. Habari za wazee kuuawa Kilifi na hapa Kwale kwa kusingiziwa uchawi si ngeni kwa mtu yeyote anayesoma ukurasa huu. Mvi, ambazo tulifundishwa kuziheshimu, zimekuwa hatari kiasi kwamba wako wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili wasalimike. Mara nyingi nyuma ya tuhuma ni shamba, na watoto wanaotaka kuligawa. Mzee ameshaacha kuleta faida, basi amegeuka mzigo. Ni hesabu ile ile niliyoifanya chini ya mwembe.

Wala Wakristo wenyewe hawajasalimika. Jirani yangu ndiye aliyenitajia Shakahola. Huko, kuanzia mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya mia nne ya watu, wakiwamo watoto wengi, waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamuone Yesu. Alisema kwamba mtu anayemwambia mama amnyime mtoto chakula kwa jina la Mungu ameshakikana kile kitabu cha Mwanzo tangu ukurasa wake wa kwanza. Uhai si wetu kuurudisha kabla hatujaitwa. Nilimwambia kwamba katika hilo hata sheikh wetu angemwitikia amina.

Siku ile niliyokwenda Mkomani sikurudi moja kwa moja. Nilipita Bombolulu, si mbali na hapo, kwenye karakana ambazo tangu mwaka 1969 watu wenye ulemavu hufanya kazi za mikono: vito, nguo, vinyago, ngozi. Nilinunua mkufu mdogo kwa mjukuu wangu. Aliyeniuzia alikuwa katika kiti cha magurudumu, mchangamfu, na alinishinda katika kupatana bei. Nikajiuliza ni nani aliyekaa chini ya mwembe fulani siku aliyozaliwa yeye, na ni neno gani alilowaambia wazazi wake.

Sikuandika haya ili Mwislamu awe Mkristo wala Mkristo awe Mwislamu. Kila mmoja ana mlango wake wa kuingilia. Nimeandika kwa sababu misikiti yetu na makanisa yetu yote yanafundisha kwamba uhai ni amana, kisha tunatoka nje na kuupima kwa mizani ya sokoni. Mtoto akizaliwa na kasoro, tumpokee kama tunavyopokea watoto: tumpe jina, tumsajili, tumpeleke kliniki, tumtoe nje ajue jua na watoto wenzake. Mzee akianza kusahau maneno, tumkalishe barazani, tusimnong'one. Na msiba wa mtoto mchanga ukitokea kwa jirani, awe wa dini yoyote, twende, na tusizungumze mengi.

Jioni hiyo nilivuka feri na kufika Ukunda baada ya magharibi. Jirani yangu alikuwa mlangoni kwake akimwagilia miche ya mipapai. Nilimwambia kwamba nimekwenda Mkomani na nimeliona kaburi. Nikamwomba radhi kwa neno nililomwambia siku ya msiba. Akasema ameshasamehe zamani. Kisha nikamuuliza jina la mtoto, akaniambia, na yeye na mkewe wakakaa nami mpaka usiku wakinisimulia habari za siku zile mbili.